Mistari ya Posta ya Zamani

Posta ya zamani ilikaa imefungwa miaka mingi, mpaka popo wakawa ndio wenye nyumba. Kamati ya mtaa ilipoamua kuigeuza kuwa ukumbi wa michezo, kazi ya rangi alipewa mjomba wangu, kaka yake mama, nami nikawa msaidizi wake. Tulikwangua kuta, tukapaka, tukang'oa vyuma vya dirisha la stempu. Ikabaki kazi aliyoingoja kwa hamu: kuchora uwanja wa mpira wa wavu kwenye sakafu ya chumba kikubwa, kile walichokuwa wakipangia barua.

Mjomba hatumii tepu, kwa sababu namba zake ndogo zinamsumbua macho. Ana uzi wa pamba wenye mafundo, fundo moja kila mita, na vidole vyake ndivyo vinavyohesabu. "Utunze," aliniambia. "Huu ndio ofisi yangu."

Niliupoteza. Nadhani ulikwenda motoni pamoja na bahasha kuukuu tulizochoma. Badala ya kusema, nilifumua uzi wa plastiki kwenye mfuko wa saruji, nikaazima tepu ya fundi seremala, nikafunga mafundo. Siku ya kupima nikamwambia mjomba apumzishe mgongo, nitapima mwenyewe na kuweka alama za chaki.

"Haya, mpwa wangu kawa fundi," akasema, akacheka peke yake.

Sikujua kwamba uzi wa plastiki ukiuvuta unarefuka. Upande mmoja niliuvuta sana, upande wa pili mkono ulikuwa umechoka. Mjomba akafuata chaki yangu kwa brashi, tabaka mbili za rangi nyeupe, mistari imenyooka kama wembe.

Kamati ilipokuja kukagua, mwalimu wa michezo alitembea kwa hatua kutoka kona hadi kona. Akasimama, akacheka.

"Mzee, huu ni uwanja au jeneza? Mbona huku mpana, kule mwembamba?"

Wote wakacheka. Mama Mwenyekiti ndiye hakucheka. Alinigeukia. "Binti, alama zako zilikuwa sawa?"

Nikakumbuka uzi ulivyovutika, lakini nikaitikia kwa kichwa.

Mjomba alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya mstari. "Basi mahali fulani nimetoka nje ya chaki," alisema polepole. "Macho haya siku hizi yananihadaa."

"Pole, mzee wetu," Mama Mwenyekiti alisema. "Tulitaka kukupa na kuta za nje. Lakini sasa bora tumtafute mwingine."

Jioni ile niliutia uzi wa plastiki motoni. Usingizi ulinipaa siku mbili. Siku ya tatu nikamfuata Mama Mwenyekiti kwake, nikamkuta anaanua nguo. Nilimwambia ni mimi niliyekosea, na uzi wangu. Maneno yalitoka nusunusu, huku nikiangalia vidole vya miguu yangu.

"Uko wapi huo uzi?"

"Niliuchoma."

Akatabasamu, akanishika bega. "Unamtetea mjomba wako. Mama yako kakulea vizuri. Mabinti kama wewe siku hizi hawapo."

Nikasema, "Asante."

Nilisema asante! Njia nzima nilitamani ardhi ipasuke.

Nyumbani mjomba alikuwa amekaa kibarazani na brashi zake zote, anazipanga ili ampe jirani. Aliposikia hatua zangu akainua mbili.

"Mama," aliniita hivyo kwa kunibembeleza, "niangalizie. Ipi ya inchi mbili, ipi ya tatu?"

Brashi zile alikuwa akizitambua gizani, kwa uzito tu. Sasa hakuamini hata mikono yake. Nikapiga magoti, nikamweleza yote: uzi wa pamba, mfuko wa saruji, kichwa nilichotikisa, na ile asante.

Alizipapasa zile brashi mbili, moja moja.

"Siku tatu," alisema, "sijajimiminia chai. Naliogopa birika." Akaziweka brashi chini. "Kesho wasichana wa mpira wa wavu wanaanza mazoezi?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi kesho utasema mbele yao wote. Mimi nitakuwepo."

Kesho yake chumba kilijaa kelele, mpira unagonga kuta. Nilisimama kwenye kona ile nyembamba na kopo la maji na kikwanguo. Mjomba alisimama mlangoni, ameangalia barabarani, amenipa mgongo.

"Mistari niliiharibu mimi," nilisema.

Hakuna aliyesikia ila msichana mmoja. "Eti huyu anasema nini?"

Mwalimu akapuliza filimbi. Mpira ukasimama. Macho yote kwangu, na ya Mama Mwenyekiti yamo. Uso uliniwaka mpaka masikioni.

"Niliupoteza uzi wa mjomba, nikapima na uzi unaovutika. Mlipouliza, nikadanganya. Macho yake hayana kosa."

"Paza sauti!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, na wenzake wakacheka.

Nikasema tena, tangu mwanzo.