Mto Usiokuwepo

Shoti alikuwa juu ya ngazi, bisibisi ameiuma kwa meno, mkono mmoja ndani ya dari, harufu ilipomfikia. Si rangi, wala saruji mbichi. Ilikuwa harufu ya manyoya yaliyolowana na kuoza, ikipanda kutoka kwenye mtaro uliokuwa ukichimbwa chini ya dirisha. Alishuka bila kumaliza kuunga waya.

Mafundi umeme wenzake walimpa dada huyu jina la Shoti kwa sababu hatulii mahali, lakini siku hiyo alizidi. Hakuwaambia kwamba palipojengwa maghorofa haya ya vioo ndipo alipokulia, katika safu ya vyumba vya wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi. Alizunguka uzio, akarudi, akazunguka tena. Alikuwa anautafuta mto. Mto uliomchukua mdogo wake. Kwa sababu ya mto huo hakuwahi kuwaruhusu wanawe kuogelea popote.

Akaishia kwa mlinzi wa geti, mzee aliyekuwepo tangu enzi za kiwanda.

"Shikamoo, baba. Mto ulikuwa upande gani?"

"Marahaba. Mto gani, mwanangu? Hapa hata tope tunaagiza."

"Si kuna mtoto alizama?"

Mzee aliacha kucheka. "Wewe ni wa nani?"

Alimtajia baba yake, yule ambaye mikono yake haikuwa na unywele hata mmoja mpaka kwenye viwiko. Mlinzi akavua kofia.

"Hapakuwa na mto. Palikuwa na mashimo ya chokaa, ya kulowekea ngozi mpaka manyoya yatoke. Hayakuwa hata na kamba ya kuyazungushia."

Siku ile ikamrudia: mama amepiga magoti mbele ya beseni. Kila akifuta mguu wa mtoto, ngozi inabanduka na kitambaa. Msimamizi wa kiwanda yuko mlangoni, haingii, anachelea viatu vyake. Anasema polepole, kama anayefundisha kusoma: "Alikwenda mtoni. Semeni wote." Na baba, ambaye sauti yake ilikuwa ikisikika safu nzima, akajibu kwa kunong'ona: "Alikwenda mtoni, bwana mkubwa."

Alimpigia mama simu.

"Mama, ule mto ulikuwa wapi?"

Kikombe kikawekwa mezani.

"Nani kakupeleka huko?"

"Kazi."

"Basi fanya kazi, urudi kwako. Chumba kilikuwa cha kiwanda, na nyie wengine mlikuwa hai. Ungetaka mlale wapi?"

Simu ikakatwa. Shoti akamfuata mhandisi, akamkuta anajiandaa kupokea wanunuzi.

"Yale mashimo ya kiwanda, yalisafishwa kabla ya kufukiwa?"

"Mashimo yapi?"

"Ya chokaa na dawa. Mtaro unanuka, bosi. Nenda ukanuse."

"Dada, nilikuita ufunge nyaya au ufukue makaburi?" Alisema huku akitabasamu, maana wageni walikuwa wanaingia. "Ukitaka kazi ya jengo la pili, rudi kwenye ngazi yako."

Hakurudi. Bustanini, kando ya mtaro ule, mwanamke mmoja aliyekuja na mumewe kununua alikuwa anamvua mwanawe viatu ili akanyage nyasi mpya.

"Mvalishe viatu, dada yangu!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mtoe hapo!"

"Kwani kuna nini?"

"Mbolea tu, tumeimwaga jana," mhandisi akadakia. "Fundi wetu huyu ana utani sana. Karibuni jikoni, mtapapenda." Kisha, bila kugeuza uso, akamwambia mlinzi aliyefuata kelele: "Mzee, mtoe nje."

Mlinzi alimshika kiwiko.

"Twende, mwanangu. Nami nina wajukuu wananitegemea."

"Wewe unajua, baba. Waambie basi!"

Mzee alimvuta tu. Shoti aligeuza shingo. Wazazi walikuwa wamesimama kwenye kizingiti cha jiko lililofungukia bustanini, wakisifia marumaru. Mtoto alikuwa amechuchumaa nyuma yao, anachokonoa udongo kwa kidole. Alikitazama kidole, akacheka, akakitia mdomoni.