Kambi Isiyoumia

Asubuhi, wakati wa chai, Carter Voss alimpiga Nels Haugen ngumi ya mdomo kwa sababu Nels alichukua soseji ya mwisho kwenye sinia. Carter alikuwa wa darasa la mwisho la sekondari, shingo nene, baba yake muuza matrekta. Nels alikuwa na miaka kumi na miwili na shingo ya kifaranga. Ngumi ilitua barabara, mlio wake ukasikika hadi jikoni. Nels aliendelea kutafuna. Kwenye meza ya upande wa pili, dada yake Britta, aliyekuwa akipaka siagi kwenye chapati za maji, aliinama akatema jino kwenye glasi ya maji ya machungwa.

Jolene, msimamizi wa meza ile, alilichungulia jino likizama.

"Lako hilo?"

"Jino langu," Britta alisema, kiganja mdomoni. "Ngumi ni ya Nels."

"Haya, nenda kwa muuguzi. Pitia mlango wa nyuma, huku wamepiga deki sasa hivi."

Muuguzi wa kambi, mama mmoja aitwaye Lorna, alimpa pamba na maji ya chumvi. Alimwambia mambo hayo yapo. Zamani walikuja ndugu wawili kutoka mji wa Duluth, mmoja akiumwa na nyuki, anayevimba ni mwenzake.

"Mama yenu aliwaagaje?" Lorna akauliza.

"Aliniambia nimwangalie mdogo wangu."

"Basi ndiyo hivyo. Umemwangalia."

Mama yao, Ardis Haugen, alikuwa akichinja batamzinga kiwandani, kusini huko, zamu ya usiku na mara nyingine ya mchana pia. Kanisa ndilo lililowalipia watoto wake kambi ile ya uongozi ya kiangazi, waje wachanganyike na watoto wa wenye nafasi na wajifunze kusema mbele za watu. Britta alikuwa na miaka kumi na sita. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: amrudishe Nels nyumbani akiwa mzima, naye mwenyewe arudi akiwa hai. Kusema mbele za watu kungesubiri.

Carter hakuwa mjinga, tusimsingizie. Mchana ule ule alimfinya Nels sikio, akatazama ng'ambo ya uwanja, akamwona Britta akishika sikio lake. Akamkanyaga Nels kidole. Britta akachechemea. Carter akacheka, wenzake wakacheka, na Nels, aliyekuwa amezoea kulia wengine wakicheka, naye akacheka safari hii. Ilimpendeza kuwa upande ule.

Habari zikamfikia mkurugenzi. Bwana Haglund aliirithi kambi kwa baba yake, pamoja na filimbi na neno moja: kiongozi hubeba. Alilisema kila jioni mbele ya moto, watoto wakichoma peremende laini kwenye vijiti, na ukweli ni kwamba kwa miaka yote ile hakuna kiongozi aliyewahi kubeba kitu zaidi ya sahani yake. Alipouona mdomo wa Britta machozi yalimlengalenga.

"Mwanangu," alisema, "wewe ndiye niliyekuwa namsema siku zote. Nataka ugombee ukuu wa kikosi cha Bluu."

"Nikiwa mkuu, nikisema watu wasipigane, watanisikia?"

"Kiongozi akisema watu husikia. Ndiyo maana yake."

Britta akakubali. Msimlaumu. Nani hangekubali?

Walimchagua uwanjani chini ya bendera, kwa kunyoosha mikono. Watoto wote wa Bluu, nusu ya kambi, walinyoosha, na kila mkono ulioinuka ulileta cha kwake. Britta aliwashwa mahali alipoumwa na mbu mtoto mwingine. Alipata lengelenge la kisigino ambalo hakulitembelea. Tumbo la mwezi la msichana wa kibanda cha pili likamkaba, juu yake ukaja mgongo wa mtu uliobabuliwa na jua. Wenyewe walijinyoosha wakapumua, wakaonekana wamelala vizuri.

"Amri ya kwanza," Britta alisema. "Hakuna kupigana."

"Sawa, mkuu!" wakaitikia kwa furaha.

Kabla ya chakula cha mchana aliwakuta wavulana wawili wa Bluu nyuma ya choo wakichapana kwa vigingi vya hema, zamu kwa zamu, wanahesabu. Yeye mwenyewe alikuwa amefika pale kwa kufuata maumivu.

"Jamani, nimesema nini?"

"Lakini Britta, hatuumii."

"Mimi naumia."

"Aa, si wewe ndiye mkuu bwana," mmoja akamwambia, na alimwambia kwa upendo kabisa.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Hawa walikuwa wamempata nguruwe wao, na walimpenda. Walimwachia nafasi ya mbele kwenye foleni ya chakula. Walimpa mto wa ziada. Msichana wa kibanda cha pili alimsuka nywele, kisha akaenda kuruka kutoka juu ya paa la banda la mitumbwi, akatua kwa magoti juu ya mawe na kuinuka akijipangusa vumbi. Britta alikuwa mezani. Goti lake lilipasuka akiwa ameshika kijiko cha nyama na viazi.

Kikosi cha Nyekundu, nusu ya pili ya kambi, kilikwenda kulalamika. Msemaji wao alikuwa binti mwenye adabu, bingwa wa midahalo shuleni kwao.

"Mkurugenzi, hii si haki. Wenzetu wanaruka kutoka paani, sisi tunashuka kwa ngazi. Kwenye mchezo wa Vita vya Rangi tutapiganaje?"

Bwana Haglund akaona hoja ina uzito. Haki ni haki. Akapitisha kwamba Britta awe mkuu wa Bluu na wa Nyekundu, na mikono ikanyooshwa tena.

Jioni ile Britta alimfuata ofisini, akitembea kwa kushika ukuta.

"Nataka kuacha."

"Mtu haachi uongozi kama anavyoacha supu," Bwana Haglund alisema, na hakusema kwa ukali. "Hapa kwetu kiongozi huachiliwa na aliowaongoza, kwa mikono, siku ya kufunga. Hiyo ndiyo demokrasia."

"Na nikikimbia?"

Lorna, aliyekuwa kabatini akitafuta plasta, ndiye aliyejibu. "Yule wa Duluth alikimbia hadi kwa shangazi yake. Alivimba huko huko. Tena ukiutua mzigo kwa nguvu, mama, unamwangukia aliye karibu nawe. Wa karibu nawe ni nani?"

Britta alimjua aliye karibu naye. Akarudi kibandani.

Vita vya Rangi ni desturi ya kambi zote za huko. Kila kiangazi vikosi viwili huingia msituni kunyang'anyana bendera, silaha ikiwa ni maputo ya maji na unga wa ngano. Mwaka ule hakuna aliyejisumbua kujaza maputo. Walichukua makasia, mawe ya ufukweni, nanga ndogo ya mtumbwi, na vijinga vya moto kutoka jikoni. Britta aliwekwa kwenye kiti juu ya jukwaa, karibu na mlingoti, maana watu wapiganapo wapaswa kumwona kiongozi wao.

Mkono wake wa kushoto ulivunjika filimbi ikiwa bado inalia. Kisha ikawa mvua. Mtoto alipigwa kasia la mbavu kule kwenye misonobari, akasema "ebo", akampiga mwenziwe. Huku ubavu wa Britta ukaitika, na wa pili ukaitika juu yake. Mmoja alisukumwa kwenye mwamba akatua kwa uso, akanyanyuka na uso wake mzuri. Mmoja alishikiliwa kichwa chini ya maji na watatu, wakaimba wimbo wa kambi mpaka mwisho, na kule jukwaani Britta alikohoa maji ya ziwa yenye majani. Kijinga cha moto kilipita shingoni mwa mtu. Lorna alikuwa akifunga bandeji, na kabla hajakata uzi kidonda kingine kilifunguka pembeni. Nyasi zote za uwanja zilibaki safi. Damu ilikuwa jukwaani tu, ikipenya kati ya mbao. Mpiga picha wa kambi alipata picha nyingi za watoto wanaotabasamu.

Britta hakulia kwa sauti. Alikuwa akimtafuta Nels kwa jicho moja, lile lililobaki wazi. Wasiwasi wake ulikuwa kwamba labda mtoto kajificha mahali anaogopa.

Akamwona. Nels alikuwa ametoka kwenye vichaka na kasia la mtu mzima, amelishika kwa mikono miwili. Carter Voss alikuwa amepiga goti mbele yake, anafunga kamba ya kiatu. Nels alimpiga kisogoni. Britta akaanguka kutoka kitini.

Carter aligeuka, akaona ni nani, akampa mkono.

"Kumbe dogo mwanaume."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Nels vile. Uso ulimng'aa. Alitazama jukwaani mara moja, akamwona dada yake anajaribu kuinuka kwa kiwiko, akatazamana naye. Kisha akainua kasia tena, na Carter, akicheka, akamwinamishia kichwa.

Iliuma. Ngumi za Carter zilimuuma Britta mdomoni na masikioni, na hayo Lorna alikuwa na pamba yake. Hili la Nels lilimuuma mahali pasipofungika bandeji. Alilala kifudifudi kwenye mbao, akamwacha mdogo wake amalize.

Siku ya kufunga wazazi walikuja na magari yao na viti vya kukunja. Bwana Haglund alitangaza kwamba katika historia ya kambi hii haikuwahi kutokea mwaka ambao hakuna mtoto hata mmoja aliyeumia, na wazazi walifurahi. Kisha akamwita Britta, ambaye alipanda kwa magongo, na akaeleza ombi lake kwa haki bila kupunguza neno.

"Basi, vijana wangu. Nani yuko tayari kuchukua maumivu yake mwenyewe, kiongozi wenu apumzike? Nyoosheni mikono."

Watoto walitazama viatu vyao. Yule bingwa wa midahalo alianza kuinua mkono, ukaishia nyweleni, akajikuna. Nels alikuwa ameketi kando ya Carter, mikono ameikalia.

"Nels," Britta alisema.

"Dada," Nels akajibu kwa sauti ndogo, anaona haya mbele za watu, "wewe si umeshazoea."

Bwana Haglund alisubiri kadiri ya heshima. "Hakuna? Basi kazi inaendelea." Akamvisha nishani, na uwanja mzima ukampigia makofi. Wazazi walichoka mapema, viganja vikiwawaka. Watoto havikuwawaka, wakapiga na kupiga na kushangilia, na Britta alisimama kwenye magongo yake, viganja vikivimba, akisema ahsante kama alivyofundishwa kusema mbele za watu.

Ardis Haugen alifika wengine wakikunja viti. Alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, buti nyeupe za mpira mguuni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa ameshapigiwa simu, habari za Britta anazo. Alimshika Nels kidevu, akamgeuza huku na huku, akamkagua meno, masikio, magoti.

"Hata mkwaruzo," alisema. Akamgeukia Britta, akamshika bega lile lililokuwa zima. "Ahsante mwanangu. Umemwangalia."

Britta alitaka kusema jambo. Alikuwa amelipanga tangu usiku, kwamba mama aende kwa Bwana Haglund, kwamba amwambie Nels aombe maumivu yake, aanze yeye, labda wengine watafuata. Lakini Jolene alikuwa amewafikia na begi la Nels mkononi.

"Mama Nels, nadhani unapaswa kujua. Alimpiga mwenzake kasia la kichwa. Kwa nyuma."

Ardis hakuwa mama wa kupiga. Ila jambo moja hakulivumilia kwa mtu yeyote, nalo ni kumpiga mtu kwa nyuma. Baba yao alikuwa na tabia hiyo. Akamchapa Nels kofi la shavu.

Nels alimtazama bila kupepesa. "Haiumi, mama," alisema. Hakuwa na kiburi. Alikuwa anamfahamisha tu.

Nyuma yake Britta alikuwa ameegemea mlango wa pikapu, alama ya vidole inamtoka shavuni. Ardis aliiona. Alitazama kiganja chake, akamtazama binti yake, akamtazama mtoto wa kiume aliyesimama pale mkavu, asiye na adhabu. Mtoto hawezi kukua hivyo, asiadhibiwe. Akakaza mkono, akamchapa Nels kofi la pili, kubwa kuliko la kwanza.

"Hiyo ni kwa sababu ya kunijibu," alimwambia. "Ingia garini."

Nels akaingia, akafunga mkanda, akauliza kama watapita kununua soda. Ardis alitoa leso, akailowesha mate, akamfuta Britta damu ya mdomo taratibu, kona hadi kona, kama alivyokuwa akimfuta maziwa alipokuwa mtoto.

"Mvumilie," alisema. "Bado mdogo."

Akamsaidia kupanda kiti cha mbele, akaweka magongo nyuma, akawasha gari.