Maji ya Ukurasa wa Mgombea

Kila asubuhi Shakila alifungua kibanda chake cha kuchaji simu, akafuta vumbi kwenye paneli ya sola, kisha akasoma siasa. Msimu wa uchaguzi ulikuwa umemzoesha utaratibu. Alianza na ukurasa wa mgombea, ili ajue anaahidiwa nini. Kisha alitazama televisheni ya mtandaoni ya mjini Morogoro, ili ajue nani kamtukana nani. Alimalizia na Kurunzi ya Kata, ukurasa mdogo wa watu wasiojulikana. Wengine walisema wako Mzumbe, wengine walisema ni mtu mmoja tu, yuko Dumila. Ukurasa huo uliuliza swali lilelile kila siku: ushahidi uko wapi? Shakila hakuuamini hata huo, ila aliupenda.

Siku hiyo ukurasa wa mgombea ulionyesha bomba. Lilikuwa jipya, limesimama juu ya zege mbele ya ofisi ya kitongoji, likitiririsha maji. Chini yake paliandikwa: "Wananchi wa Lusangwe wafurahia maji safi na salama." Shakila alitazama nje. Lusangwe yote ilionekana kutoka kibandani: migomba, mapaa ya bati, na njia ya korongoni ambako wanawake walikuwa wakipanda na ndoo kutoka kijitoni. Mbele ya ofisi palikuwa na nyasi na mbuzi. Alipoirudia simu, aliikuta imelowa. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye picha hadi mezani.

Aliyakinga kwa kikombe, akayaonja. Yalikuwa baridi, hayana tope.

Kufikia adhuhuri, kila nyumba ilikuwa imeinamisha simu juu ya ndoo. Aliyebofya alama ya kupenda alipata maji ya wastani. Aliyeandika pongezi aliyapata kwa kasi. Foleni ya kibandani ilirefuka, kwa kuwa simu isiyo na chaji haikutoa kitu. Bi Chausiku, mama mkwe wake Shakila, ambaye goti lilimvimba kila aliposhuka korongoni, aliandika pongezi kwa herufi kubwa, akafua mashuka yote.

"Mama, hilo bomba halipo," Shakila alimwambia.

"Najua halipo. Nisogezee beseni."

Jioni Kurunzi ya Kata iliandika: "Mtu wa Lusangwe atuonyeshe mahali penyewe. Uongo ukianikwa kabla ya kura, watalazimika kulijenga bomba." Shakila alilifikiria goti la mama mkwe wake, na mwaka ujao, ukurasa utakapokuwa umefungwa. Akaenda mbele ya ofisi, akapiga picha ya nyasi na mbuzi, akaiweka chini ya picha ya mgombea. Aliandika: "Hapa ndipo. Bomba halipo."

Maji yalikatika Lusangwe nzima.

Hakuna aliyepiga kelele. Walikuja kibandani, maana jina lake lilikuwa kwenye ile picha. Bartholomeo, mwenyekiti wa kitongoji, alitangulia na simu yake kavu. Nyuma yake alikuja Jesca, jirani, amembeba mwanawe aliyejaa povu la sabuni.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Msimu huu kila mtu katumwa. Hao Kurunzi umewahi kuwaona sura?"

"Sijawaona."

"Basi. Wa bomba tunamjua, ni mwongo. Hao wako hatujui hata ni nini."

"Kura zikipita, huyo wenu atafunga ukurasa," Shakila alisema. "Mtakinga nini?"

"Ya kesho tutayaona kesho, dada," Jesca alijibu. "Huo ukweli wako unajaza ndoo ngapi? Mtoto ana povu machoni!"

Bi Chausiku alichukua ndoo tupu, akashika njia ya korongoni, mkono mmoja juu ya goti. Shakila alimtazama hadi kwenye kona ya kwanza, akamtazama akisimama hapo kupumzika. Kisha akaifuta picha.

Maji yalirudi kwa kukohoa, kama yarudivyo kwenye bomba lolote. Jesca alimsuuza mwanawe palepale. Kurunzi ya Kata iliandika kwamba shahidi wa Lusangwe ameondoa picha, hivyo dai la bomba halijakanushwa. Ukurasa wa mgombea uliisambaza taarifa hiyo kwa shukrani, na usiku kucha maji yalitoka kwa kasi isiyowahi kuonekana.

Kulipokucha, ukurasa ulionyesha zahanati ya Lusangwe, yenye wodi ya wazazi, vitanda na mapazia.

Zuhura, mke wa seremala, alikuwa wa kwanza kufika kibandani. Uchungu ulikuwa umemwanza. Alibeba khanga mbili, wembe mpya na chupa ya chai, akaomba apewe simu yenye kioo kipana. Shakila alizipitia simu zote zilizokuwa kwenye chaji. Alichagua yake, akaifuta kwa pindo la gauni, akailaza chini juu ya mkeka, kisha akaanza kuandika pongezi.