Bega la Kijani

Sidonie, muuguzi wa dispansari ya Luberizi, alifika mbio kwa hasira kwenye bariere ya askari barabarani. Mwaka ule wa sitini na nne, askari walikuwa wakitafuta waasi hadi ndani ya mashati ya watu. Sajini alikuwa amemvua Azarias, kaka yake Sidonie, shati, anamsugua bega kwa sabuni. Doa la kijani halitoki ng'o!

"Dawa ya waasi," sajini akasema. "Wanapaka ili risasi igeuke maji. Juzi huyu alipigana na sisi mutoni. Atauawa leo."

"Dawa gani, weye!" Sidonie akafoka. "Ni mti wa machela ulimuumiza. Wiki jana alimbeba mama mgonjwa toka milimani, damu ikavilia chini ya ngozi. Mwili unaivunja ile damu: kwanza zambarau, halafu kijani, mwisho manjano. Hiyo kijani ni ndugu ya nyongo. Angeumia juzi, bega lingekuwa zambarau bado!"

"Nyongo ya ng'ombe iko kijani sababu anakula majani. Kaka yako anakula majani?"

Askari wakaangua kicheko.

"Na mukeke wa ziwani? Anakula ndagala, samaki wadogo, na nyongo yake iko kijani. Kwenu hamupasuagi samaki?"

Kicheko kikamgeukia sajini. Akainua bunduki, akamtwanga Sidonie mkononi kwa kitako. Sidonie hakulia.

"Vizuri. Umenipiga mbele ya watu. Leo ni Jumatano. Mufunge Azarias, musimuue. Jumatano ijayo nitaleta mkono huu. Usipogeuka kijani, mutuue wote wawili."

Askari walikuwa wanamtazama. Sajini akaona haya kukataa.

Wiki nzima Sidonie alifunga watu vidonda kwa mkono mmoja, akimlaani sajini kimoyomoyo. Jumatano alirudi, akakunja mkono wa blauzi. Kijani kabisa.

Sajini akaruka nyuma. "Kumbe! Na huyu amepaka dawa! Mufungeni!"

"Mshenzi! Dawa hii umenipaka weye, kwa kitako cha bunduki, na hawa wote waliona!"

Hakuna askari aliyesogea. Kisha kaporali, bila kungoja amri, akaenda kufungua mlango wa chumba alimofungwa Azarias. Akatoka amekonda, bega safi, doa limekwisha lenyewe bila sabuni.

Sidonie akamshika kaka yake mkono, wakampita sajini.

"Kanawe mikono," Sidonie akamwambia sajini. "Dawa bado iko kwako."