Marehemu wa Desemba

Karakana ilikuwa nyuma ya ofisi ya makaburi, na humo alitawala mchonga mawe waliyemwita Hafuti, kwa kuwa penseli ina kifutio lakini patasi haina. Miaka thelathini na moja, hakuna jiwe lake lililong'olewa kwa kosa. Kusoma alifundishwa na mkewe, kwenye meza ya jikoni, akiwa tayari baba wa watoto wawili. Na ni huyo mke aliyemwambia mwezi auandike kwa herufi, asiuandike kwa namba. Sasa mke mwenyewe alikuwa chini ya jiwe lililochongwa na mumewe, na Hafuti amebaki na patasi yake na kinyongo chake kwa wakubwa.

Wakubwa ndio walioleta kompyuta, bila kumuuliza mtu, kama kawaida yao. Orodha ya kuchonga ikawa inakuja imechapwa, imenyooka kama shati la bwana harusi. Julai hiyo, tarehe kumi na nne, Hafuti aliirudisha kwa meneja mara ya tatu.

"Bosi, hapa mna marehemu wa tarehe saba Desemba. Huyu mama bado ana miezi mitano ya kula. Mna haraka gani ya kumzika?"

Makarani waliangua kicheko. Meneja hakucheka.

"Mzee, kazi yako kuchonga, si kukagua. Ukiirudisha tena, kazi tunampa mwingine."

"Mpeni. Mimi uongo sichongi."

Akatoka kifua mbele, lakini nje ya mlango akasimama. Bila karakana hiyo, asubuhi angeamkia wapi?

Kesho yake hakuja mchongaji mwingine. Alikuja binti aliyeiandika ile programu, kompyuta kwapani.

"Shikamoo, baba. Nasikia una marehemu ambaye hajafa."

"Marahaba, mwanangu. Futa vumbi, ukae. Huyo wa Desemba hanitishi, anajitangaza mwenyewe. Ninayemwogopa ni huyu aliyetulia." Kidole chake kilichopinda kikasimama kwenye mstari mwingine: tarehe saba Mei. "Juni alikuja kuniagiza jiwe la mkewe. Alikaa hapo hapo ulipokaa, wagane wawili tukapiga soga mpaka chai ikapoa. Alikujaje, kama alikufa Mei?"

Binti akafungua karatasi za hospitali. Ya yule mama iliandikwa 12/07. Ya yule mgane, 05/07.

"Programu yangu imeifanya namba ya kwanza kuwa mwezi," alisema taratibu. "Basi nizigeuze zote."

"Hiyo nayo ni haraka kama ya meneja. Hospitali huanza na siku, sawa. Lakini nyumba ya wazee kule mlimani huanza na mwezi. Ukigeuza zote, umewaharibia wale."

"Na karatasi isipojulikana imetoka wapi?"

"Nasimama, nauliza. Jiwe halina haraka."

Binti aliyaandika maneno hayo kama yalivyo.

Siku mbili baadaye meneja alileta orodha kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hata paka wa karakana hakuwahi kuliona. Kila mwezi ulikuwa kwa herufi. Mistari miwili haikuwa na tarehe. Badala yake iliandikwa: *Simama. Uliza.*

"Hawa wawili, mzee," meneja alikohoa. "Tuliambiwa wewe ndiye unayejua pa kuulizia."

"Kumbe kukagua nako ni kazi yangu?"

"Ni yako, fundi."

"Basi ngoja. Nina mtu wa kumaliza kwanza."

Meneja akangoja, amesimama, vumbi likimkalia viatuni. Hafuti alipiga nyundo pigo la mwisho kwenye jiwe la yule mgane, ambalo lingekaa ubavuni mwa lile la mkewe. Akapuliza, kisha akapitisha kidole juu ya herufi moja moja, kama enzi za meza ya jikoni: 5 Julai.

Hakukuwa na cha kufuta.