Uzi wa Vimeo

Jumamosi, saa mbili asubuhi, Meku Elimringi alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko lake, Marangu ya juu, ananoa kisu. Kisu chenyewe hakikuzidi kijiko cha chai kwa urefu, na ncha yake ilipinda kama mundu. Kinamama saba walikuwa kwenye benchi la kuazima usharikani, kila mmoja na mtoto anayekohoa mapajani. Mzee alinoa, akakijaribu kisu kwenye ukucha wa dole gumba, akakitemea mate, akanoa tena. Hapo ndipo vimeo vilipoanza kukohoa.

Miaka thelathini Elimringi alikuwa anakata vimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya kinywa, mlangoni pa koo, na hakuwahi kutupa hata kimoja. Alivitunga kwenye uzi wa katani juu ya mafiga, vikakaukia moshini mpaka vikawa kama karafuu. Siku hiyo vilikohoa kidogo, kama watu wanaosubiri ibada ianze, kisha kila kimoja kikaanza kuongea kwa sauti ya mtoto kilimotoka.

"Vimechelewa," alisema Elimringi. "Mimi nilivitegemea tangu masika."

Akaita wa kwanza.

Anyesi alizipata habari saa nne, akiwa anakata majani ya ng'ombe. Alimfunga mgongoni mwanawe Martin, wa miezi tisa, akapanda. Mtoto wake wa kwanza, Loveness, alikatwa kimeo mwaka jana akiwa na miaka miwili. Damu ilitoka siku mbili bila kukata, ya tatu akazikwa kihambani, chini ya migomba. Siku ya kukatwa Anyesi alikuwa soko la Bomang'ombe anauza ndizi. Mumewe, Rodrick, ambaye kazi yake ni kubeba mizigo ya wageni mlimani, alisema yeye alikuwa kambini Horombo, huko juu. Aliyempeleka mtoto, Anyesi aliambiwa, ni mama mkwe wake, Dominika, peke yake. Basi akawa anamsamehe kidogo kidogo, siku anazoweza.

Jiko la Elimringi lilikuwa limejaa. Calvin wa bodaboda alisimama chini ya uzi, anasikiliza kimeo chake cha zamani kikilia.

"Sauti yangu kabisa," alisema. "Jamani, nilikuwa na sauti nzuri!"

"Ulikuwa unalia kama beberu," Eliza, jirani, akamwambia. "Na mpaka leo. Hebu sogea, mwenzio amsikilize wa kwake."

Anyesi hakuhitaji kuuliza ni kipi.

"Shikamoo mama," kilisema kimoja karibu na mwisho wa uzi.

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Bibi kanishika kichwa. Baba kanishika miguu. Nikamng'ata babu mwenye kisu, akanizaba kofi."

"Baba yupi?"

"Baba. Yule wa soksi za mzungu."

Elimringi alikuwa anafuta mikono. "Mmesikia wenyewe," alisema. "Kimekauka mwaka mzima na bado kina maneno. Sasa fikirieni kingebaki kooni."

Kinamama wakatikisa vichwa. Jambo lilikuwa wazi. Kufika jioni foleni iligusa mfereji, na Jumatatu yake watu walikuja hata kutoka Shirimatunda wakiwa na watoto wasiokohoa, wawahishe.

Jioni ya Jumamosi ileile Anyesi alimkuta Rodrick nyumbani anakula kiburu, miguu kaielekeza motoni. Soksi zilikuwa za kijivu zenye mstari mwekundu, zawadi ya mgeni mmoja aliyeshindwa kufika kileleni.

"Ulimshika miguu," Anyesi alisema.

Rodrick alimaliza kwanza tonge la ndizi na maharage. "Miguu tu," alisema. "Mimi mdomo sikuugusa."

Anyesi aliinua sufuria ya maji ya chai, yanachemka, akaimimina juu ya soksi. Rodrick aliinuka akampiga ngumi ya taya, akaongeza ya pili, na ya tatu ikang'oa jino la mbele la chini. Jino likadondokea kwenye kiburu. Dominika alikuwa pembeni anamenya ndizi.

"Usimpige mdomoni, baba," alisema bila kuinua macho. "Kesho ana kwaya."

Asubuhi Rodrick, nyayo zimejaa malengelenge, alimletea jani la isale. Kwa Wachagga, ukiletewa isale hukatai. Ukishalipokea, neno limekwisha. Anyesi alilipokea, akalikunja, akalisokomeza kwenye pindo la kanga. Neno likaisha. Martin akaendelea kukohoa.

Jumatano akashuka naye Moshi, kwenye kliniki. Daktari Victoria alimmulika Martin kooni kwa tochi.

"Kimeo kizima kabisa," alisema. "Hiki ni kizibo, mama. Mtoto akimeza kinapanda juu, kinasaidia kuziba njia ya pua, uji usitokee huko. Koo safi. Tezi za mate, za chini ya ulimi na za mashavuni, zote safi. Kinachokohoa ni kifua. Analala wapi?"

"Jikoni."

"Basi ni huo moshi." Akaandika dawa, kisha akamwangalia Anyesi. "Na hilo taya?"

"Limekwisha. Nimeletewa isale."

Victoria, naye Mchagga wa Kibosho, hakuuliza tena.

Dominika aliionja dawa, akaikuta tamu, akaimwaga kwenye shina la mgomba. "Dawa tamu haitibu," alisema. "Mama Martin, huyu Jumamosi tunampandisha."

"Hapandi," Anyesi alisema.

"Mwenzio huyo. Anajua kubishana!" Dominika akamwambia mgomba.

Siku mbili Martin hakuguswa na mtu, kwa sababu hakushuka mgongoni kwa mama yake. Jumamosi asubuhi alilala, Anyesi akamlaza, akatoka kukata majani hatua ishirini tu kutoka mlangoni. Aliporudi, kitanda kilikuwa bado na joto. Alipanda mbio na mundu mkononi.

Mlangoni kwa Elimringi wanaume wawili walimpokea ule mundu kwa adabu. "Uache nje mama, humu kuna watoto."

Martin alikuwa chali mezani. Dominika alimshika kichwa. Rodrick, nyayo zimefungwa matambara, alimshika miguu. Uzi mzima ulikuwa unapiga mayowe, na Elimringi alikuwa ameziba masikio kwa pamba.

"Shikamoo bibi," Loveness aliita, maana alilelewa kwa adabu. "Mwache Martin."

"Marahaba mjukuu wangu," alisema Dominika, akakikaza kichwa.

Elimringi alishaingiza kidole cha shahada kukandamiza ulimi. Anyesi aliuchomoa ule mkono, akakitia kidole kinywani mwake, akang'ata. Kwa lile pengo ilibidi ang'ate mara mbili. Mfupa ulilia kama muwa. Watu wanne wakamwangusha, wakamkalia, mmoja akimkanyaga shingo, na yeye akakitema kidole sakafuni pamoja na damu na mate. Kisha, akiwa chini yao, akalichomoa lile jani la isale, limenyauka, akamnyooshea mzee.

Elimringi alilitazama. Akalipokea, kwa sababu isale haikataliwi. Neno likaisha. Alikifunga kile kisiki cha kidole kwa ganda la mgomba, akaukandamiza ulimi wa Martin kwa kidole cha kati, akakata.

Martin hakufa. Alitoka damu siku moja, akapoa. Uji ukawa unamtokea puani. Kikohozi kiko vilevile. Elimringi alisema vimeo vingine vina tabia ya kuota tena.

Siku hizi Anyesi hupanda kila Jumamosi, Martin mgongoni, ili amsikie Loveness. Benchi limeingizwa jikoni, chini ya uzi. Kimeo cha Martin kimetungwa jirani na cha dada yake. Hakijajua maneno, kinakohoa tu, na Martin anakijibu kutoka mgongoni.

"Nyamaza," Loveness hukiambia. "Mama yupo."

Mwishoni kabisa mwa uzi kimetungwa kidole, maana Elimringi hatupi kitu. Kidole hakiongei, ila kazi kinaijua. Mtoto mmoja akitolewa, chenyewe kinajinyoosha, kinalipitia benchi lote, kisha kinajikunja kumwita anayefuata. Kimepunguza sana ugomvi wa foleni.

Jumamosi hii Dominika naye alikuwa amekaa benchini, kando ya Anyesi, Eliza alipotoka na mwanawe, damu kidevuni. Kidole kikajinyoosha. Kikampita wa kwanza, kikampita wa pili, kikafika mgongoni kwa Anyesi, kikasimama. Martin akakohoa. Kidole kikajikunja.

"Ni sisi," alisema Dominika, akainuka, akaanza kulegeza fundo la mbeleko.