Mchele Ndani ya Kopo

Mwadini alizaliwa Unguja, ambako chumvi haikai siku mbili mezani bila kutoa jasho. Mama yake alitia katika kopo la chumvi punje za mchele uliokaangwa, ikakauka. Miaka thelathini ya kutangatanga, Mombasa, Lubumbashi, hadi hapa Bertrams, mtaa wa Joburg, haikumtoa akilini mchele ule.

Chumba cha pili alikaa Gaudence, Mrundi, mwanafunzi wa kemia. Mwaka ule wa 2008 umeme wa maabara ulikatika ovyo, basi kichupa chake akakihamishia dirishani kwake. Ndani, katika maji yenye tindikali aliyoitengeneza mwenyewe, ilikuwa imekua fuwele moja kama kioo, ukubwa wa punje ya mtama. Miezi mitatu imechukua. Jumatatu ilikuwa ipigwe eksirei, ionekane maji na tindikali vimeshikana vipi humo ndani. Bila picha hiyo ufadhili ungekwisha mwezi huohuo wa Julai, na kibali cha kukaa nchini kingekwisha nao.

Jumapili, akienda kanisani mjini, akamwomba mzee Mwadini akitupie jicho kichupa chake. Mwadini akatupa jicho, akaona kitu cha mtoto wa watu kinalowa. Akaiopoa fuwele kwa kijiko, akaipangusa, akaifukia katika kopo la mchele wa moto, akaliweka kando ya hita. Kwamba baridi ya Joburg ni kavu, inapasua midomo, hilo halikumjia.

Gaudence aliporudi alikabidhiwa kopo kwa tabasamu. Akaifukua fuwele, mchele ukimwagikia sakafuni; imekuwa nyeupe kama chaki. Alipoigusa ikasagika.

Alikaa kitandani akamweleza polepole kwamba maji yale hayakuwa unyevu wa kufuta. Kila chembe ya maji ilishika tindikali huku na tindikali kule, kwa vifungo vya haidrojeni, dhaifu kweli, lakini nyumba nzima imesimama juu yake.

"Umewatoa walioshikana mikono, mzee."

"Maji si yapo, mwanangu? Tuyarudishe."

"Haya, yarudishe."

Mwadini akauchota unga kwa kijiko, akaudondoshea tone la maji. Unga ukayeyuka, kikabaki kijiko kilicholowa.

Gaudence akauliza basi la Lusaka siku hizi linaondokea wapi, maana ndiyo njia ya kurudi Bujumbura. Mwadini amepanda mabasi yote ya upande huo. Alijua stendi, saa, hata dirisha la tiketi.

Akainama, akaanza kuokota mchele sakafuni, punje mojamoja.